Fezi, Steji na Ekstensheni: Kiingereza cha Wahandisi Kilivyohamia Buruburu

Mwulize mkazi wa Buruburu, Nairobi, anakoishi, naye atakutajia nambari: Fezi 1, Fezi 3, Fezi 5. Jina la barabara halitaji ila ukimbana. Dereva wa teksi, kijana wa bodaboda anayepeleka vifurushi na shangazi anayetoka mashambani na kuku wake wote huelekezwa hivyo hivyo, kisha huongezewa koti, yaani kundi la nyumba, na nambari ya nyumba.

Fezi hizo ni masalio ya makaratasi ya wajenzi. Mtaa ulianza kujengwa mapema miaka ya 1970, Serikali na Baraza la Jiji la Nairobi wakishirikiana na Commonwealth Development Corporation, shirika la Uingereza la kukopesha fedha za maendeleo. Michoro ilitoka kwa Mutiso Menezes International, kampuni ya wasanifu majengo ambayo mmoja wa wamiliki wake, David Mutiso, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha msanifu mkuu wa serikali. Maelfu ya nyumba hayajengwi kwa mkupuo, na mkopo hautoki wote siku moja, kwa hiyo kazi iligawanywa mafungu matano.

Kwa mhandisi, fezi ni kipande cha muda. Ina tarehe ya kuanza, ina tarehe ya kukabidhi funguo, na ikiisha hufungwa kwenye faili. Ya tano ilipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hesabu yake hakukubaki fezi yoyote Buruburu. Kwa hesabu ya wakazi zipo zote, zina maduka, makanisa na majigambo yake, na mtoto aliyezaliwa miaka 30 baada ya wahandisi kuondoka hujiita wa Fezi 2 bila kujua kwamba anataja ratiba ya ujenzi.

Lakini tusimsingizie mkazi. Walioanza kuipinda lugha ni wataalamu wenyewe. Koti ni baraza la mfalme na la hakimu, lakini wasanifu huitumia kumaanisha nyumba kadhaa zinazotazamana kwenye uwanja mmoja. Mezoneti, kwa Wafaransa, ni kijumba tu. Waingereza wakaipa makao ya ghorofa mbili yaliyo ndani ya jengo kubwa. Ilipofika Nairobi, mawakala wa nyumba wakaipachika nyumba nzima yenye ngazi ndani na lango lake. Buruburu imejaa mezoneti za namna hiyo, na mwenye nayo akiambiwa ni kijumba atakununia.

Steji ina historia ya kupendeza zaidi. Kenya Bus Service ilianza kubeba abiria Nairobi mwaka 1934, chini ya Overseas Motor Transport ya London, na ikaja na hesabu za mabasi ya Kiingereza. Njia ilikatwa vipande, kila kipande na nauli yake, na mpaka wa kipande ukaitwa steji. Lilikuwa neno la mkata tikiti na mhasibu. Abiria yeye alichoona ni kwamba hapo ndipo watu husimama, akalitwaa kwa maana hiyo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya basi. Matatu hazikuwa na vipande wala tikiti, lakini steji hazikuzifuta. Leo konda wa matatu nambari 58, ya Buruburu, hupandisha nauli mvua ikinyesha, jambo ambalo lingemuua kwa presha mhasibu yule wa London, na bado anakwambia ushukie steji.

Hebu tazama mambo yalivyokutana: fezi na steji, kwa Kiingereza cha kamusi, zote mbili ni hatua. Huku Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, zote mbili ni mahali. Unaweza kushuka steji ya Fezi 4 na usiwe umepiga hatua yoyote isipokuwa ya miguu.

Majirani nao hawakuachwa. Umoja, uliojengwa kwa msaada wa Marekani miaka ya 1970, una sehemu iitwayo Inakoo, neno la mpanga miji la kiini cha ndani, na watu huishi humo bila kuuliza kiini cha nini. Kayole ina Spaini, barabara iliyochorwa kuwa uti wa mgongo wa mtaa. Dandora, mradi wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 1975, ina fezi zake pia. Na Autaringi, barabara inayopita kando ya Buruburu, ilipangwa kuzunguka jiji kwa nje. Jiji limeshaivuka, likaimeza, likafika Ruai. Jina halikubadilishwa hata barabara yenyewe ilipojengwa upya.

Neno gavana nalo lilikuja kwa mlango wa gereji. Mafundi wa mashine wa Uingereza walikipachika jina hilo kifaa cha kuzuia injini isikimbie kupita kiasi, na James Watt akakitia kwenye mashine zake za mvuke mwishoni mwa karne ya 18. Februari 2004, waziri wa uchukuzi John Michuki alizilazimisha matatu kufunga kifaa cha ukoo huo, zisizidi kilomita 80 kwa saa. Mekanika wakajifunza kukifunga mchana na kukichezea usiku. Mwaka 2013 kaunti zilipopata magavana wa kuchaguliwa, watu wa matatu walikuwa na karibu miaka kumi ya uzoefu wa kukwepa gavana.

Hata hivyo, anayestahili kusikilizwa zaidi ni fundi wa mjengo. Wataalamu wa lugha wameandika sana kuhusu Sheng ya vijana wa Eastlands, nadhani kwa sababu ina vituko. Kiingereza cha fundi hakina vituko, lakini kina kazi. Keti naye kwenye koti moja anapompangia mama mwenye nyumba chumba cha nyongeza: "Mama Brayo, hapa msingi lazima hadikoo iingie, tutandike dipisii na BRC, ndiyo slabu ikae. Mawe niletee mashinkati. Balasti lori moja, na lenta tutamwaga siku moja."

Humo mna misafara mirefu. Balasti ilikuwa uzito wa kutuliza merikebu tumboni. Watu wa reli wakaiita kokoto za chini ya mataruma. Kwa fundi wa Nairobi ni kokoto ya kuchanganya na saruji, basi. BRC ni herufi za kampuni ya Kiingereza iliyouza wavu wa chuma, na sasa ni wavu wowote, hata uliotengenezwa Viwandani. Mashinkati ni maneno mawili, mashine na kukata, yaliyoshikanishwa hadi yakawa jina la jiwe. Dipisii fundi hajali herufi zake zinasimamia nini. Anajua bila hiyo unyevu utapanda ukutani na mama atampigia simu masika.

Chumba chenyewe huitwa ekstensheni. Kwa msanifu, hiyo ni nyongeza iliyochorwa na kupitishwa na jiji. Kwa watu wa Buruburu ni chochote kilichoota mbele, nyuma au juu ya nyumba: kinyozi, duka, chumba cha kukodisha. Afisa wa jiji hukiita jengo lisiloidhinishwa na kukichora X nyekundu. Msomi wa usanifu Peter Makachia, aliyechunguza Buruburu na Kaloleni, anakieleza kuwa ni mabadiliko yanayoanzishwa na wakaaji. Ukuta ni mmoja, Kiingereza ni cha namna tatu, na cha fundi ndicho kilichojengwa.

Safari ya maneno ilirudi pia upande wa pili. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwapa wachumi jina la sekta isiyo rasmi. Mafundi wa Nairobi walikuwa na lao, jua kali, na mwaka 1992 Serikali ilichapisha Waraka wa Bunge Nambari 2, wa Kiingereza, ukiwa na jua kali kwenye kichwa chake bila tafsiri. Tangu hapo neno limo kwenye bajeti na tasnifu. Langoni kwa Mama Brayo lina maana nyingine. Amemchagua fundi wa jua kali kwa sababu ya bei, na kabla ya kumpa arubuni anamwonya asimfanyie kazi ya jua kali.