Msimulizi Asiyehukumu: Flaubert Mahakamani, 1857

Tarehe 29 Januari 1857 Gustave Flaubert alisimama mbele ya mahakama mjini Paris, akishtakiwa kwamba riwaya yake, Madame Bovary, iliyokuwa imechapishwa kwa mafungu katika jarida la Revue de Paris, imeyavunjia heshima maadili ya umma na dini. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alisoma vifungu vya ugoni kimoja baada ya kingine, lakini hoja yake nzito ilikuwa nyingine. Aliuliza ni nani ndani ya kitabu kizima mwenye uwezo wa kumhukumu Emma Bovary, mwanamke mgoni wa riwaya hiyo. Mume hana analolijua, padri haelewi shida za roho iliyo mbele yake, mfamasia amejaa maneno matupu. Na msimulizi, ambaye ndiye angetarajiwa kutoa hukumu, amenyamaza. Pinard amedharauliwa sana tangu siku ile, na mwaka huohuo alimshtaki pia mshairi Baudelaire. Hata hivyo, naamini aliisoma riwaya ile kwa makini kuliko wengi walioisifu. Aliona kwamba jambo jipya lilikuwa namna ya kusimulia, wala si ugoni.

Kabla ya hapo msomaji wa Ufaransa alikuwa amezoea msimulizi mwenye kauli. Balzac, aliyefariki mwaka 1850, hakusita kuikatiza hadithi ili aeleze tabia za watu wa Paris na kumpima kila mmoja alivyo. Flaubert alianza kuandika Septemba 1851, nyumbani kwake Croisset karibu na Rouen, akamaliza mwaka 1856. Katikati ya kazi hiyo alimwandikia mshairi Louise Colet kwamba mwandishi anapaswa kuwa ndani ya kazi yake kama Mungu ulimwenguni: yupo kila mahali, haonekani popote. Hiyo ilikuwa nia, na nia peke yake haimfichi mtu. Kilichomficha ni sarufi. Emma anapojitazama kwenye kioo baada ya kulala na mpenzi wake, Rodolphe, kwa mara ya kwanza, furaha yake inaanza kwa maneno anayojiambia, kisha inaendelea bila “alifikiri” wala “aliona”, kwa nafsi ya tatu na kwa kile kitenzi cha Kifaransa cha wakati uliopita usiokamilika. Sentensi ni ya msimulizi, ndoto ni ya Emma. Pinard aliyachukua maneno hayo kama sifa ambazo mwandishi anaupamba nazo ugoni. Kosa lake linaeleweka: alama iliyozoeleka ya kuonyesha nani anasema ilikuwa imeondolewa makusudi.

Lakini kujitenga huku si ubaridi, na ushahidi wake ni sura ya maonyesho ya kilimo. Rodolphe amekaa na Emma ghorofani, katika ukumbi wa halmashauri, akimwambia maneno ya mapenzi, na chini uwanjani zawadi zinatangazwa. Anaapa kwamba alitaka kuondoka mara mia, akamfuata, akabaki. Papo hapo sauti ya chini inataja zawadi ya samadi. Msimulizi haongezi neno. Hukumu imetolewa, ila imewekwa katika mpangilio wa sentensi, na msomaji ndiye anayeitamka.

Wapo watakaosema kesi ilikuwa ya kisiasa tu, maana serikali ya Napoleon III ilikuwa ikilitazama jarida lile kwa jicho baya. Kweli, na Flaubert mwenyewe aliamini hivyo. Siasa inaeleza kwa nini faili lilifunguliwa. Haielezi kwa nini Pinard alimtafuta hakimu ndani ya riwaya. Wengine watakumbusha kwamba Jane Austen alikuwa akiziazima fikra za wahusika wake miaka arobaini nyuma. Ndiyo, lakini msimulizi wa Austen bado huonekana, na humwonyesha msomaji waziwazi pa kusimama.

Pingamizi lenye uzito ni la tatu: Flaubert hakujificha kikamilifu. Katika maonyesho yaleyale anapanda jukwaani Catherine Leroux, mtumishi mzee aliyetumika shamba moja kwa miaka 54, apewe nishani ya fedha ya faranga 25. Mikono yake imekakamaa kwa vumbi la ghala, magadi ya kufulia na mafuta ya sufu, na imebaki nusu wazi. Hapo msimulizi anatamka mwenyewe kwamba nusu karne ya utumwa imesimama mbele ya matajiri walionawiri. Hiyo ni hukumu, na ni hukumu ya haki. Sidhani kama kuna msomaji angetaka ifutwe.

Mahakama ilimwachia huru tarehe 7 Februari, baada ya kumkaripia. Kitabu kilitoka Aprili kikiwa kimetabarukiwa kwa wakili wake, Sénard. Miaka 20 baadaye, mwaka 1877, Flaubert alimrudia mtumishi wa nusu karne katika hadithi ya Un cœur simple. Safari hii hakuna sentensi inayompigania mtumishi huyo, Félicité. Anapokata roho anadhani anamwona kasuku mkubwa akielea juu yake mbingu zinapofunguka, na msimulizi anaandika tu kwamba alidhani anaona. Kitenzi hicho hakimcheki wala hakithibitishi maono yake, na Flaubert hakuongeza kingine.