Mikono ya Kongo, shajara ya Casement na siasa zilizokosa hoja

Najua nimepotea kidogo. Si mnajua tena, wiki za majaribio zimetubana na bumu nalo limechelewa, kwa hiyo mtu unaishi kwa madesa na wali maharage. Leo sitaandika habari za hosteli wala foleni ya maji. Nataka tuongee historia, maana kuna jambo nimelisoma nje ya silabasi na limenikaa kichwani, nikiliacha hivi hivi litanifuata hadi kwenye chumba cha mtihani.

Swali lenyewe ni hili: mwanasiasa akiitwa shoga na mpinzani wake, amejibiwa nini hasa? Siulizi dini yako inasema nini kuhusu mapenzi ya jinsia moja, wala babu yako alisema nini. Hayo kila mtu ana msimamo wake. Ninauliza kama mwanafunzi wa historia: tusi hili likirushwa kwenye siasa, linafanya kazi gani?

Halafu angalieni neno lenyewe. Kwa akina mama wa pwani, shoga ni rafiki. "Shoga yangu, umeamkaje?" Hilo ni neno la mapenzi na la kuaminiana. Leo limegeuzwa jiwe la kumpiga nalo mwanamume. Tukio la historia nalo linaweza kugeuzwa hivyo hivyo.

Haya, tuanze Kongo.

Kwenye madesa yetu ya ukoloni jina la Roger Casement linapita mara moja tu, mstari mmoja, halafu kwaheri. Alizaliwa karibu na Dublin, Ireland, mwaka 1864, wakati Ireland yote iko chini ya Uingereza. Alifika Kongo akiwa kijana katika miaka ya 1880, na mwaka 1890 pale Matadi alikutana na Joseph Conrad kabla Conrad hajawa mwandishi maarufu. Baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza, na mwaka 1903 serikali yake ikamtuma apande mto Kongo akaangalie kama tuhuma dhidi ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ni za kweli.

Aliyoyakuta tunayajua kwa juu juu tu. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa porini cha kuleta. Wakishindwa, wake zao wanafungwa kama dhamana, au wanajeshi wanatumwa. Mwanajeshi alitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, na ushahidi ulikuwa mkono wa kulia uliokatwa. Casement alikaa na wanakijiji, akauliza maswali, akaandika majibu. Ripoti yake ilichapishwa Februari 1904.

Watu wa Leopold hawakukaa kimya. Kuna kijana aliyeitwa Epondo, aliyekatwa mkono, ambaye Casement aliandika habari zake. Upande wa Leopold ukaja kudai kwamba mkono ule ulitafunwa na nguruwe mwitu! Ilikuwa hoja dhaifu, sawa, lakini ilikuwa hoja. Ilihusu mkono. Mtu angeweza kwenda kuchunguza, na kweli walikwenda. Tume iliyoundwa na Leopold mwenyewe ilikuja kukubali mwaka 1905 kwamba mambo mengi aliyoyaandika Casement yalikuwa kweli. Kelele zikaongezeka Ulaya na Marekani, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. (Ukoloni haukuisha, lakini ile mali binafsi ya mtu mmoja iliisha.)

Mwaka 1910 Casement akatumwa tena, safari hii Putumayo huko Amazon, ambako kampuni ya mpira iliyosajiliwa London ilikuwa inawatesa na kuwaua Wahindi wa msituni. Akaandika tena. Mwaka 1911 mfalme wa Uingereza akampa cheo, akawa Sir Roger.

Sasa basi, hapa ndipo hadithi inapogeuka. Mtu aliyeona Kongo alianza kuitazama nchi yake mwenyewe kwa macho yale yale. Akaacha kazi ya serikali mwaka 1913, akajiunga na wapigania uhuru wa Ireland. Vita ilipoanza mwaka 1914 akaenda Ujerumani kutafuta silaha. Aprili 1916 meli yenye bunduki kama 20,000 ikanaswa na Waingereza, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Casement aliteremshwa na nyambizi ya Kijerumani kwenye ufuo wa Kerry tarehe 21 Aprili, akakamatwa siku ile ile. Siku tatu baadaye Dublin ikalipuka kwa mapinduzi ya Pasaka.

Akashitakiwa kwa uhaini, kwa sheria ya mwaka 1351. Ndiyo, elfu moja mia tatu hamsini na moja. Mwishoni mwa Juni akahukumiwa kunyongwa. Na kwa sheria ile, kesi serikali ilikuwa nayo. Alikwenda kwa adui wakati wa vita, na yeye mwenyewe hakukana kwamba alikwenda. Serikali haikuwa na haja ya kitu kingine.

Tatizo lilikuwa watu. Arthur Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes, akazungusha karatasi ya kuomba asamehewe kifo. Marekani, ambayo Uingereza iliihitaji sana kwenye vita, ilikuwa na Waairishi wengi. Nani anataka kumnyonga mtu aliyewasemea Waafrika wa Kongo?

Polisi walikuwa wamepata shajara zake, zikiwemo za mwaka 1903, 1910 na 1911. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za mapenzi yake na wanaume. Mahakamani hazikusomwa. Badala yake Basil Thomson wa Scotland Yard na Reginald Hall wa ujasusi wa jeshi la majini wakahakikisha kurasa zilizochapwa na kupigwa picha zinapita chini chini kwa waandishi wa habari, wanasiasa, hata balozi wa Marekani mjini London. Mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Ndani alieleza baraza la mawaziri kwa maandishi faida yake: zikitumiwa kwa busara, Casement hatakuwa shujaa hata akifa.

Ikafanya kazi. Waliotaka kumtetea wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Alinyongwa katika gereza la Pentonville, London, tarehe 3 Agosti 1916.

Fikirieni hapo kidogo. Shajara ya 1903 ni ya mwaka wa safari ya Kongo. Mkono ule ule ulioandika habari za mikono iliyokatwa ndio ulioandika na hayo mengine. Na ndani ya shajara hiyo hiyo aliandika kwa huzuni juu ya Jenerali Hector Macdonald, mtoto wa mkulima wa Scotland aliyepanda vyeo kutoka askari wa kawaida, ambaye alijipiga risasi Paris Machi 1903 baada ya tuhuma za aina hiyo kufika magazetini. Casement alikuwa anajua kabisa tusi hili linaua. Aliishi nalo miaka 13.

Ninachokiona mimi ni kwamba mwaka 1904 walimjibu kwa habari ya nguruwe mwitu, na ukweli ukapatikana. Mwaka 1916 hawakumjibu chochote. Swali lake, kwamba kwa nini Ireland itawaliwe, halikuguswa kabisa.

Na lipo jambo la pili ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza. Kwa miaka mingi Waairishi wengi waliompenda walisisitiza kwamba shajara ni za kughushi. Mwaka 1936 kilitoka kitabu kizima cha kulithibitisha hilo. Kwa nini? Kwa sababu na wao walikubali kanuni ya adui: akiwa hivyo, basi hawezi kuwa shujaa. Wakabishana miongo kadhaa kuhusu mwandiko. Uchunguzi wa kitaalamu wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba mwandiko ni wake. Sasa je, mikono ya Kongo imeota tena? Kilichoandikwa mwaka 1904 kimebadilika herufi hata moja?

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya wakoloni wa zamani. Haya, twende Marekani miaka ya 1950. Wanasiasa waliokuwa wanawinda wakomunisti waliongeza kundi jingine kwenye orodha, na Rais Eisenhower akasaini amri mwaka 1953 iliyowafungia mlango wa kazi za serikali kuu. Maelfu walifukuzwa. Sababu iliyotolewa: watu hawa wana siri, kwa hiyo adui anaweza kuwatisha wauze siri za nchi. Kamati ya Seneti ilichunguza mwaka 1950, ikaleta mfano wa ofisa wa Austria wa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mmarekani hata mmoja aliyeuza siri kwa kutishwa hivyo haikumpata.

Lakini vitisho vilikuwepo. Seneta Lester Hunt wa Wyoming alikuwa mpinzani wa McCarthy, na Seneti wakati huo vyama vilikuwa vinapishana kwa kiti kimoja kimoja. Mwaka 1953 mtoto wake wa kiume alikamatwa Washington kwa kosa la aina hiyo. Maseneta wa upande wa pili, Styles Bridges na Herman Welker, wakalitumia kumbana baba: achia kiti, usigombee tena. Tarehe 19 Juni 1954 Hunt alikwenda ofisini kwake Seneti akajipiga risasi. Yaani walioogopa vitisho vya Moscow wakavifanya wenyewe hapo hapo kwenye korido zao.

Malaysia je? Mwaka 1998 Waziri Mkuu Mahathir alimfukuza naibu wake Anwar Ibrahim wakati wamegombana juu ya namna ya kuitoa nchi kwenye msukosuko wa uchumi. Badala ya nchi kujadili uchumi, ikajadili godoro. Anwar alihukumiwa mwaka 2000, hukumu ikafutwa 2004, akashitakiwa tena 2008, akafungwa tena 2015, akasamehewa 2018. Novemba 2022 akawa Waziri Mkuu. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Na kwa Afrika nitataja mfano mmoja unaoniuma kuliko yote, wa Robert Mugabe. Agosti 1995 alifungua maonyesho ya vitabu Harare, ambayo mada yake ilikuwa haki za binadamu, akatumia jukwaa kuwashambulia mashoga, na chama chao kidogo kikazuiwa kuweka meza. Miaka iliyofuata alikuwa na ugomvi wa ardhi na serikali ya Tony Blair. Hapo Mugabe alikuwa na hoja! Ardhi iliporwa kweli, na mwaka 1997 waziri wa Uingereza Clare Short aliandika barua akisema hawakubali kwamba wana wajibu maalumu wa kugharamia ununuzi wa ardhi Zimbabwe. Mtu ana barua kama hiyo mkononi, halafu anapanda jukwaani kuwaita akina Blair mashoga. Magazeti ya Ulaya yakaandika tusi, barua ikasahaulika. Mtu unaweza kulitumia tusi hili ukajinyima mwenyewe ushindi.

Hata sisi hapa chuoni tunalo. Kuna uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, chuo sikitaji, mgombea alisimama akauliza mapato na matumizi ya michango ya wanafunzi, tarakimu kwa tarakimu. Kufika jioni mada ilikuwa anavyotembea na nani anakaa naye chumba kimoja. Rafiki zake wakatumia siku tatu zilizobaki kuapa kwamba ana mchumba, tena wakaonyesha na picha. Akashindwa. Mimi ni mwalimu mtarajiwa, naomba niwaulize kama kwenye mtihani: ile michango ilikwenda wapi? (Alama 20.)

Mnaona kosa la wale rafiki? Ni lile lile la Waairishi. Ukitumia siku zako zote kuapa "si kweli", umekubali kwamba ingekuwa kweli swali la pesa lingekufa. Jibu lilikuwa fupi tu: hilo halihusu, rudini kwenye hesabu.

Na tusisahau, kwenye ukumbi wa watu mia tano hamuwezi kujua nani amekaa mstari wa nyuma akisikia kicheko kile na kujifunza kunyamaza. Waingereza waliwafunga watu wao kwa sheria ya mwaka 1885, ndiyo iliyomfunga Oscar Wilde miaka miwili, na sheria za namna hiyo wakasafiri nazo hadi kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930. Kwa hiyo silaha aliyopigwa nayo Casement tunayo hadi huku kwetu, na anayenyamazishwa nayo siku zote si mgombea peke yake.

Mwaka 1965 Uingereza ilikubali mabaki ya Casement yarudi Ireland. Alizikwa Dublin kwa heshima zote za taifa, na Rais de Valera, mzee na mgonjwa, alisimama kaburini kwenye baridi ya Machi. Hata siku ile kuhusu shajara watu hawakupenda kusema.

Nikipangiwa shule, iwe Kigoma iwe Lindi, na nikafika kwenye mada ya Kongo, nitamfundisha Casement mzima: ripoti, uhaini, shajara na kamba. Wanafunzi watacheka, najua. Watacheka, halafu nitawaomba wafungue ukurasa wa mikono.

Basi wadau, mwenye hoja aje nayo kwenye maoni hapo chini. Narudi kwenye madesa, Jumatatu kuna jaribio la saikolojia ya elimu na sijagusa kitu.