Plagi ya Pini 56 Iliyofikisha Mashine za Gemu Sebuleni

Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa Pac-Man kwa ajili ya mashine yake ya nyumbani, ile ya kuchomeka kwenye televisheni. Mamilioni waliinunua, na wengi wao wakaona kwamba hii siyo gemu waliyoipenda kwenye kumbi za starehe. Mizimu ilimetameta kama inayotaka kutoweka, rangi zilipooza, hata sauti zilikuwa nyingine. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu, na gemu nzima ilibanwa ndani ya kilobaiti 4. Aliyetaka gemu halisi alibakiwa na njia moja: kuipata bodi yenyewe ya kwenye ukumbi na kuiwasha kwake.

Siku hizo jambo hilo lilikuwa gumu. Space Invaders ya Taito ya mwaka 1978 ilikuwa na mpangilio wake wa nyaya, na Donkey Kong ya Nintendo ya mwaka 1981 ilikuwa na wake. Ukichukua bodi ya hii ukaitia kwenye kasha la ile, haiwaki, na huenda ukaiunguza. Mwenye ukumbi aliyetaka kubadili gemu alimwita fundi akate nyaya na kulehemu upya, la sivyo anunue kasha zima jipya.

Mwaka 1985 mambo yakabadilika. Chama cha watengenezaji wa mashine za burudani nchini Japani, kwa kifupi JAMMA, kilitoa mpangilio mmoja wa nyaya kwa wote. Kwa maoni yangu hakuna gemu iliyofanya kazi kubwa kuliko makubaliano hayo. Kampuni zilizokuwa zikigombea sarafu za wateja walewale zilikubali kutumia plagi moja: ukingo wa bodi wenye nafasi 56, yaani 28 kila upande. Humo hupita umeme wa volti 5 na 12, rangi nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa waya wake, sauti inayokwenda moja kwa moja kwenye spika, jostiki na vitufe vya wachezaji wawili, na hata waya wa sarafu. Mwenye ukumbi sasa alichomoa bodi moja na kuchomeka nyingine kwa dakika chache.

Hakuna aliyekuwa akimfikiria mtu wa nyumbani. Lakini nyaya zikishakuwa zilezile kwa kila bodi, kasha lenyewe si la lazima tena. Wapenzi wa gemu wakaanza kuunda kisanduku kidogo, maarufu kwa jina la supergun: pawasaplai, soketi ya JAMMA, sehemu ya kuchomeka jostiki na njia ya kupeleka picha kwenye televisheni. Ulaya walikuwa na bahati, kwa kuwa televisheni zao nyingi zilikuwa na tundu la SCART linalopokea rangi tatu zikiwa zimetengana, vilevile zinavyotoka kwenye bodi. TV ya chogo ikawa skrini ya ukumbi. Street Fighter II ilipokuja mwaka 1991 na vitufe sita kwa kila mchezaji, JAMMA ilikuwa imepanga vitatu, hivyo vilivyozidi vikapitishiwa plagi ya pembeni.

Kampuni ya SNK ya Osaka ndiyo iliyojaribu kuuza uhondo huo rasmi. Mwaka 1990 ilitoa Neo Geo kwa sura mbili, MVS ya ukumbini na AES ya nyumbani, gemu zikiwa zilezile. Ila bei! Nchini Marekani seti kamili iliuzwa karibu dola 650, na kaseti moja ilipita dola 200. Kumbi zilipoanza kufungwa, bodi za MVS zilizotumika ziliuzwa kwa bei nafuu zaidi, na waliokuwa na supergun wakazichangamkia.

Urithi huu wa bodi za ukumbini una adui wake. Kampuni ya Capcom, kwa kuhofia wezi wa gemu, iliweka kwenye bodi zake za CPS-2, kuanzia mwaka 1993, betri inayolinda funguo za siri za programu. Betri ikiisha, funguo hupotea, na bodi huonyesha skrini ya rangi moja tu. Bodi nzima nzima zilikufa hivyo, na ni uchungu kuona kazi ya watu ikifutwa na betri ndogo kiasi hicho. Mwaka 2007 Nicola Salmoria, mwanzilishi wa MAME, programu ya kompyuta inayoiga mashine za ukumbini, pamoja na Andreas Naive walifumbua jinsi siri hiyo ilivyofungwa. Baadaye mafundi wa kujitolea wakapata njia ya kurudisha funguo kwenye bodi zilizokufa.

Ukibahatika kupata bodi ya namna hii, usikimbilie kuiwasha. Pawasaplai nyingi za zamani kutoka Japani ni za volti 100, na umeme wetu wa volti 230 utaziunguza, kwa hiyo soma lebo kwanza. Pima kwa multimita uhakikishe volti 5 ni 5 kweli. Tafuta nafasi ya saba ya plagi, ile ya ufunguo unaozuia plagi kuingia kinyume, uhakikishe hujachomeka juu chini. Na ukiwa na TV ya chogo, usiguse ndani yake hata ikiwa imezimwa, maana hubaki na umeme wa maelfu ya volti. Hiyo mwachie fundi.