Chokoleti Mbili, Risiti Moja

Wasee wa Kisumu, leo stori yetu inaanzia Sweden.

Mwaka wa 1995 Mona Sahlin alikuwa naibu waziri mkuu huko, na wengi walimwona kama waziri mkuu anayefuata. Halafu gazeti likaanika risiti zake. Kadi ya serikali ilikuwa imelipia vitu vyake binafsi, hadi chokoleti mbili za Toblerone. Pesa alirudisha, lakini wapi. Alijitoa kwenye kinyang'anyiro.

Watu hukumbuka chokoleti. Mimi najiuliza, gazeti lilitoa wapi risiti? Jibu ni kwamba tangu 1766 Sweden ina sheria inayompa raia haki ya kuona karatasi za serikali. Mwandishi aliomba, akapewa.

Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu mchezo mara nyingi si wa kadi, ni wa masurufu: zile pesa mkubwa anapewa mapema akienda safari ya kazi, halafu alete hesabu akirudi. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinampa siku 7 za kazi. Asipoleta, anakatwa mshahara, na riba juu. Na bado ripoti za Mkaguzi Mkuu hutaja masurufu ambayo hayajaletewa hesabu.

Tumetoka mbali, lakini. Kabla ya 2010, ofisi moja ndiyo ilikuwa inaruhusu pesa itoke, na hiyo hiyo ndiyo inakagua. Ni kama refa wa mechi ya Gor awe pia golikipa. Katiba ya 2010 ikazigawanya: Msimamizi wa Bajeti huku, Mkaguzi Mkuu kule. Kifungu cha 226 kikaongeza kwamba afisa akiidhinisha pesa ya umma itumike kinyume cha sheria, hasara ni yake, hata kama ashatoka ofisini.

Kwa hivyo sheria tunazo. Kenye hatuna ni macho.

Mamangu anauza samaki Dunga. Kwa chama chao, kila mkutano kitabu kinasomwa kwa sauti, nani amekopa, nani hajalipa. Hakuna polisi pale. Mweka hazina anajua tu kwamba wamama 20 wanamsikiliza, na kesho atakutana nao ufuoni.

Juni 2024 vijana tulijaa barabarani kuhusu Mswada wa Fedha. Wengine hawakurudi nyumbani. Zile kelele zilikuwa za kodi inavyoingia. Inavyotoka je, nani anaifuata?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuomba habari za serikali. Sheria ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Ni barua ya ukurasa mmoja, huhitaji wakili wala digrii. Wakikunyamazia, unapeleka malalamiko kwa Ombudsman.

Mimi niliacha chuo karo iliponishinda. Nataka kujua masurufu ambayo hayajaletewa hesabu yangelipia semesta ngapi za watoto wa hapa. Barua yangu naipeleka kaunti Jumatatu, ikiwa na ombi moja: nani alichukua, alienda wapi, risiti iko wapi?

Nitaweka hapa nakala yenye muhuri wa tarehe. Halafu tuanze kuhesabu siku 21 pamoja.