Salvia: Ua la bustani linaloweza kustahimili kiangazi cha Kiboko

MWENYE bustani katika eneo la Kiboko, Kaunti ya Makueni, hulazimika kujiuliza swali moja kabla ya kupanda ua lolote: maji yatatoka wapi? Mahali ambapo mtungi wa lita 20 huchotwa mbali na kubebwa mgongoni au kwa punda, ua linalodai maji kila jioni huwa mzigo kwa jamaa nzima.

Kiboko iko kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, kabla ya kufika Makindu, katika mwinuko wa karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Eneo hilo hupata takriban milimita 600 za mvua kwa mwaka, nazo hunyesha katika misimu miwili mifupi. Ni kwa sababu ya ukavu huo kwamba kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko huko, ambacho sasa ni cha shirika la KALRO, kimetumiwa kwa miaka mingi kupima mahindi na mimea mingine inayostahimili ukame.

Miongoni mwa maua yanayoweza kuishi katika hali kama hiyo ni salvia, mradi mkulima achague aina ifaayo na kuipanda kwa wakati wake.

Ukoo wa salvia

Salvia ni jamaa ya mrehani na mnanaa. Kama mimea hiyo, shina lake changa huwa na pembe nne, na majani ya aina nyingi hutoa harufu yakisuguliwa. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuwa na afya, kwani baadhi ya aina zilitumika kama dawa tangu kale. Duniani kuna zaidi ya aina 900, na chache, kama Salvia nilotica, ni za asili katika nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Chia, ambayo mbegu zake huuzwa kama chakula na hulimwa Uganda na Kenya, ni salvia pia. Vilevile rosemari, ambayo tangu mwaka 2017 wataalamu wengi wa mimea wameihesabu kuwa ya jamii hiyo.

Hata hivyo, si kila salvia huliwa. Zile za mapambo zisitiwe kwenye chai wala mchuzi kwa sababu tu zinafanana na za jikoni.

Kuchagua aina

Salvia nyekundu inayopatikana sana katika vitalu vya maua, Salvia splendens, asili yake ni Brazili. Hiyo hupenda unyevu na hunyauka upesi katika jua kali la alasiri. Anayeitaka aipande upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Zinazofaa zaidi Kiboko ni tatu. Ya kwanza ni Salvia leucantha ya Meksiko, yenye mashada ya zambarau na majani membamba yenye vinyweleo. Ya pili ni Salvia farinacea, yenye maua ya buluu. Ya tatu ni rosemari, ambayo mara ishikapo mizizi huvumilia kiangazi kirefu.

Salvia coccinea, yenye maua mekundu membamba, nayo ni ngumu, lakini hujipanda yenyewe kwa mbegu na imekwisha kuenea porini katika sehemu za Afrika Mashariki. Anayeipanda ayakate maua yaliyokauka kabla mbegu hazijadondoka.

Udongo na wakati

Salvia huweza kuvumilia kiu, lakini haivumilii mizizi kukaa majini. Kwenye udongo mwekundu, ambao hupitisha maji vyema, mche upandwe katika kibonde kifupi kitakachokusanya mvua. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hutuamisha maji, tuta liinuliwe kwa sentimita 20 hadi 30.

Samadi iliyooza vizuri itiwe kwa kiasi, kiganja kimoja au viwili kwa kila shimo. Mbolea ikizidi, mmea hujaa majani na kukosa maua.

Katika Ukambani, mvua ya vuli, inayoanza mwishoni mwa Oktoba na kufikia kilele Novemba, ndiyo hutegemewa zaidi kuliko ya masika. Kwa hiyo mbegu zitiwe kitaluni kufikia Septemba, ili miche iwe tayari kuhamishwa wiki sita hadi nane baadaye, ardhi ikiwa imelowa. Miche inayohamishwa Januari itaingia kiangazini kabla haijashika mizizi.

Mbegu na vipandikizi

Mbegu za salvia za mapambo ni ndogo na nyingi huhitaji mwanga ili ziote. Zinyunyizwe juu ya udongo laini na kubonyezwa kidogo bila kufukiwa. Kitalu kiwekwe kivulini na kulowanishwa kwa matone madogo. Aghalabu huota baada ya wiki mbili. Maji yakizidi, vishina huoza vikiwa bado vichanga.

Leucantha na rosemari ni rahisi zaidi kupandwa kwa vipandikizi. Kijiti kisicho na ua chenye urefu wa sentimita 10 hukatwa chini kidogo ya kifundo, majani ya chini huondolewa, kisha huchomekwa katika mchanga uliochanganywa na udongo. Katika wiki tatu hadi tano mizizi huwa imetokeza, ingawa rosemari huweza kuchelewa zaidi.

Hesabu ya maji

Kwa mwezi wa kwanza mche humwagiliwa mara mbili au tatu kwa wiki mvua isiponyesha. Baadaye ni bora kumwagilia mara moja kwa wiki maji ya kutosha kufika chini, kuliko kunyunyiza kidogo kila siku. Kila mche ukipewa lita mbili, mtungi mmoja wa lita 20 hutosha miche kumi kwa wiki. Matandazo ya nyasi kavu yatandazwe kuzunguka mche bila kugusa shina, ili unyevu usipotee upesi.

Maji ya visima vingi virefu katika Makueni na Kitui yana chumvi. Ncha za majani zikiungua na utando mweupe ukionekana juu ya udongo, dalili ni hiyo. Ya mvua ndiyo bora. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Hivyo paa la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, huleta karibu lita 500, zikitolewa chache zinazopotea. Maji ya kusuuzia mboga nayo yaweza kutumika, lakini si yenye sabuni nyingi au dawa ya kung'arishia nguo.

Kupogoa na maradhi

Maua yakinyauka, shada likatwe ili machipukizi mapya yatoke. Leucantha hupogolewa hadi sentimita 20 au 30 kutoka ardhini mvua inapokaribia. Rosemari isikatwe hadi kwenye mti mkavu usio na majani, kwani hapo ni nadra kuchipua tena.

Vidukari, nzi weupe na utitiri hujificha chini ya majani, hasa wakati wa joto. Jeti ya maji au mchanganyiko wa mbegu za mwarobaini zilizopondwa hupunguza wadudu hao. Dawa yoyote inyunyizwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi mizingani.

Tahadhari hiyo si ndogo katika nchi ya wafugaji nyuki. Katika aina nyingi za salvia, nyuki anapoingiza kichwa kutafuta mbochi husukuma kijiti kidogo ndani ya ua, nacho humwinamia na kumpaka chavua mgongoni. Ndege aitwaye chozi hufika pia kwenye maua mekundu. Hivyo mtungi mmoja wa maji kwa wiki hupamba ua wa nyumba na pia huwapa nyuki malisho wakati ambapo porini maua ni haba.