Hewa, Mawe na Dhahabu ya Geita

Somo letu la leo laanza na jembe. Ukiliacha jembe nje masika mazima, utalikuta limeshika kutu. Hewa na unyevu vimekula chuma. Basi kazi hiyo ya hewa huingia hata ndani ya mawe, na bila kuifahamu, historia ya dhahabu ya Geita na Shinyanga haieleweki vema.

Tazama kwanza makaa ya mawe. Makaa mapya ya aina inayofaa, yakipashwa moto mahali pasipo hewa, hulainika, huvimba na kushikamana, yakawa koki, yaani makaa magumu ya kuyeyushia chuma. Lakini yakikaa nje muda mrefu, hewa huyaingia na mshikamano ule hupotea. Kwa macho waweza kudhani ni yale yale. Tanuri ndiyo itakayoyaumbua.

Makaa yaliharibiwa na hewa, lakini mbale ya dhahabu ilifunguliwa nayo. Huko chini, dhahabu nyingi ya Geita imefungwa ndani ya pairaiti, madini ya chuma na kiberiti yanayong'aa manjano. Karibu na uso wa nchi, hewa na maji ya mvua vilikula pairaiti hiyo kwa miaka mingi mno. Chuma kikawa kutu, kiberiti kikawa tindikali na kuchukuliwa na maji. Dhahabu haishiki kutu. Ikabaki peke yake katika jiwe jekundu, laini. Mbale ya namna hiyo ukiisaga na kuiosha, zebaki huikamata dhahabu bila taabu nyingi.

Wajerumani waliona dhahabu Geita mwishoni mwa karne ya 19. Lakini uchimbaji mkubwa ulikuja katika miaka ya 1930, wakati wa Waingereza, bei ya dhahabu ilipopanda baada ya 1931. Mgodi wa Geita ukawa mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki, ukatoa karibu aunsi milioni moja kabla ya kufungwa mwaka 1966.

Katika miaka ya 1970 dhahabu ilionekana Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, na wachimbaji wadogo wakamiminika. Hapa ndipo penye fundisho. Mchimbaji huanza na mbale nyekundu, akapata riziki. Moyo humtuma azidi kuchimba. Hukopa fedha za magogo, chakula na mashine ya kuvuta maji. Kisha duara hufika kwenye jiwe gumu la kijivu lenye vimetameta. Hulisaga, huliosha, na zebaki haishiki kitu. Wenzake husema dhahabu imekimbia. La, ndugu yangu! Huenda ipo, ila imefungwa katika pairaiti, mahali ambapo hewa haikufika. Kuongeza zebaki hakuifungui. Huongeza sumu tu katika mikono, mapafu na mto.

Hata kampuni kubwa zilikabiliwa na jambo hilo. Mgodi wa Bulyanhulu ulipoanza kazi mwaka 2001, sehemu ya dhahabu yake ilikuwa pamoja na shaba, nayo shaba hula sana sianidi inayotumiwa kuyeyushia dhahabu. Kwa hiyo mchanga wenye madini ulikusanywa na kupelekwa ng'ambo kuyeyushwa. Ndiyo makinikia. Mwezi Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku kuyasafirisha, na taifa zima likauliza: mle ndani mna nini, na cha nani? Ugomvi ule mkubwa ulitokana na jiwe ambalo hewa haikulifikia.

Tena kumbuka, hewa haijamaliza kazi yake. Jiwe la kijivu likitolewa chini na kurundikwa juu, huanza kuliwa, na mvua hutoa tindikali humo. Usilirundike jirani na kisima wala bwawa la ng'ombe.

Basi wewe uliye na duara, au unayetaka kumkopesha mwenye duara, usiulize tu kama dhahabu ipo. Uliza imekaa katika jiwe gani, na kama una njia ya kuitoa. Kabla ya kukopa tena, peleka kipande kikapimwe.

Swali la kujadiliana katika kikundi chenu: kwa nini mchimbaji aliyefanikiwa mita kumi za kwanza aweza kufilisika katika mita kumi zifuatazo?