Mizinga Midogo ya Kupigia Ndege

Mwaka 1932, eropleni za kampuni ya Imperial Airways zilipoanza safari kutoka London hata Cape Town, Mbeya ilikuwa kituo baada ya Dodoma. Ndizo zilizoleta mifuko ya barua. Lakini katika miaka ile ile mafundi wa Ulaya walikuwa wakitengeneza mizinga ya kuangusha eropleni.

Haja yake ilikwisha kuonekana, hata katika nchi yetu. Tarehe 11 Julai 1915, penye midomo ya Rufiji, manowari ya Wadachi iitwayo Königsberg iliipiga eropleni ya Waingereza, ndani yake Cull na Arnold, waliokuwa wakiwaonyesha wenzao mahali makombora yanapoanguka. Eropleni ikishuka, Arnold hakuacha kupeleka habari kwa simu ya upepo. Wakaanguka mtoni, wakaokolewa wote wawili. Nayo manowari ikaangamia siku ile ile.

Baada ya vita mwendo wa eropleni ukazidi sana. Mzinga mkubwa haugeuki upesi kuifuata eropleni ipitayo karibu na vilele vya miti. Kila awindaye kanga ajua ya kuwa ndege arukaye hapigwi pale alipo, ila mbele yake. Tena risasi moja haitoshi. Basi ulitakiwa mzinga mwepesi wa kupiga mfululizo. Waswisi walifanya Oerlikon. Wataliani, mwaka 1935, Breda ya milimita 20. Waswidi, Bofors ya milimita 40, ambao Waingereza waliuagiza mwaka 1937. Bofors ulitupa makombora kama 120 kwa dakika, ukilishwa manne manne, nao ulikokotwa na motakaa. Wako wauitao bombom. Si sawa: bombom hutupa risasi tu, na huu hutupa kombora lipasukalo.

Waingereza walichelewa. Mwezi Juni 1940 Wataliani walipoipiga Wajir kwa mabomu, mizinga hii ilikuwa michache mno, maana hata Uingereza yenyewe haikutosheka.

Mwaka 1941 Keya wa Tanganyika, ambao kati yao walikuwamo Wahehe wetu, waliingia Habeshi, na tarehe 19 Mei wakapigana Colito. Yafaa kujua kwamba Breda ilifanywa iweze kuinamishwa pia, ipige motakaa na watu waendao kwa miguu. Askari aliyekutana nayo hakuwa na mabawa ya kumpitisha upesi.